Stelingi Hazeeki

Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua sheria ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Apigwe risasi tatu, atupwe toka ghorofa ya kumi, gari lilipuke naye ndani, wewe tulia tu, atarudi. Mtoto wa darasa la pili anaijua sheria hii kabla hajaimaliza tebo ya saba. Lakini ipo sheria ya pili, ambayo hakuna aliyenifundisha, na ambayo mimi mwenyewe sikuiona pamoja na kukaa mlangoni mwa banda nikipokea viingilio kwa miaka minne. Sheria yenyewe ni hii: stelingi hazeeki. Wanaozeeka ni wanawake walio karibu naye.

Kabla hujanibishia, ndugu msomaji, niruhusu nijitambulishe, maana hoja ya mtu usiyemjua ni kama barua isiyo na jina. Mimi ni kijana wa miaka 24. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tuyaache yalivyo. Naishi Buguruni na mama yangu na bibi mzaa mama. Jioni nafanya kazi kwenye banda la video, lile ambalo siku hizi watu wanaliita kibandaumiza. Asubuhi naandika riwaya ya upelelezi katika kaunta buku ambayo tayari imeanza kuchanika jalada. Riwaya hiyo ndiyo iliyonitia katika mawazo haya. Kama si yenyewe, ningeendelea kula sinema kama watu wanavyokula karanga gizani, bila kuangalia kilichomo mkononi.

Tuanze na picha ambayo karibu kila kijana wa mjini ameiona, Taken, ya mwaka 2008. Liam Neeson alizaliwa mwaka 1952, kwa hiyo picha ilipotoka alikuwa na miaka 55. Binti yake katika hadithi ana miaka 17, anatekwa Paris, na baba anaondoka kwenda kumtafuta huku akivunja watu mikono njia nzima. Sawa, baba anampenda mwanawe, nani atamlaumu? Lakini hebu mtazame mama wa binti huyo. Famke Janssen aliyeigiza mama alizaliwa mwaka 1964, yaani ni mdogo kwa Neeson kwa miaka 12. Kazi yake ni nini? Kulaumu mwanzoni, kulia katikati, kushukuru mwishoni. Mwanamke mwenye nguvu zake, wa miaka arobaini na ushei, ameketishwa kwenye kochi angojee habari. Na ukifika picha ya tatu ya mfululizo huo, anauawa kabisa, ili mzee apate sababu mpya ya kukasirika.

Nilipoigundua hiyo, nikawa kama mtu aliyeonyeshwa shimo kwenye shati lake. Sikuweza tena kuacha kuangalia. Nikaanza kuchimba nyuma, nikaomba kwa washikaji wanaouza picha za zamani kwenye fleshi, nikawa naangalia mchana banda likiwa tupu.

Ipo picha ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1959, North by Northwest. Stelingi ni Cary Grant, aliyezaliwa mwaka 1904. Mama yake katika hadithi ni Jessie Royce Landis, aliyezaliwa mwaka 1896. Piga hesabu mwenyewe: mama na mwana hawapishani hata miaka minane! Na mpenzi wa stelingi huyo huyo, Eva Marie Saint, amezaliwa mwaka 1924, mdogo kwake kwa miaka 20. Mwanamke anayekaribia kulingana naye amekuwa mama yake, na anayeweza kuwa binti yake amekuwa mchumba. Mwaka 1962 wakaja na The Manchurian Candidate, na humo Angela Lansbury ni mama wa Laurence Harvey. Lansbury alizaliwa Oktoba 1925, Harvey akazaliwa Oktoba 1928. Miaka mitatu! Kwetu hapa huyo ni dada yake wa pili, yule anayemtuma dukani.

Lakini aliyenisikitisha zaidi ni Moneypenny. Wapenzi wa James Bond mnamjua: yule katibu muhtasi wa bosi, anayetaniana na Bond kila anapoingia ofisini kutupa kofia. Lois Maxwell aliigiza nafasi hiyo tangu picha ya kwanza mwaka 1962 hadi A View to a Kill ya mwaka 1985, jumla picha 14. Katika picha hiyo ya mwisho Bond alikuwa Roger Moore. Sasa sikiliza: Maxwell alizaliwa Februari 1927, Moore alizaliwa Oktoba 1927. Ni marika, shule moja wangekaa dawati moja. Mmoja yumo kitandani na vidosho, anaruka juu ya daraja la San Francisco akiwa na miaka 57. Mwenzake amekaa mezani na taipureta, na utani wake umekuwa wa kuonewa huruma. Wote wawili waliondoka baada ya picha hiyo. Miaka miwili baadaye Bond mpya akaja na Moneypenny mpya, binti wa miaka ya ishirini. (Na mwaka 1999, katika Entrapment, Sean Connery aliyezaliwa 1930 alipewa Catherine Zeta-Jones aliyezaliwa 1969. Miaka 39. Hapo sina la kusema.)

Basi nikaona kwamba mwanamke wa sinema hizi ana marika matatu tu: binti wa kuokolewa, kidosho wa kutongozwa, na mama wa kulia. La, samahani, lipo la nne. Bibi kizee wa kutisha.

Wa nne huyu kazi yake haihitaji hata maneno. Mlango unafunguka taratibu, giza, kiti cha kuyumba kinayumba, mzee anageuka. Basi, watu wameshapiga kelele. Hajafanya lolote! Amegeuka tu. Hitchcock alilijua hilo vizuri. Katika Psycho ya mwaka 1960, msichana aliyeiba dola 40,000 anachomwa visu bafuni, na sisi tunaoneshwa kivuli cha kikongwe mwenye kisu. Tunaamini mara moja. Wala hatuulizi mzee wa namna ile anapata wapi nguvu ya kumchoma binti mzima visu vyote vile. Mwishoni ndipo tunaambiwa mama alikwisha kufa zamani, na muuaji ni mwanawe wa kiume aliyevaa gauni na nywele za bandia. Wengine husema basi Hitchcock alimtetea bibi. Mimi nasema hapana na ndiyo. Alimtumia kwanza, saa nzima na zaidi, akamsafisha dakika za mwisho. Na hata hapo, kinachobaki akilini mwa mtazamaji ni ule uso uliokauka wa mama kule chini ya nyumba. Kijana muuaji tunamwonea huruma, eti mama yake alimharibu.

Siku moja tulionesha bandani picha moja ya kutisha, jina limenitoka. Akatokea bibi kizee wa Kizungu, mvi zimetawanyika, anatazama dirishani. Mtafsiri wetu, ambaye ni fundi wa kweli wa maneno, akadaka kipaza sauti: "Ndugu watazamaji, huyu ni bibi wa Gamboshi, amekuja kwa ungo, hajalipa nauli!" Banda zima likaanguka kicheko. Nami mlangoni nikacheka, nikacheka sana. Yule bibi katika hadithi alikuwa jirani tu, wala hakuwa na ubaya. Lakini baada ya neno hilo moja, kila alipotokea watoto wa mbele walipiga mayowe.

Sasa nije kwenye riwaya yangu, maana nimekwepa vya kutosha.

Stelingi wangu nilimpa miaka 52, mwanajeshi mstaafu, mpole, ana kovu shavuni. Nilimpa msaidizi wa kike wa miaka 22 ambaye, kufikia sura ya tatu, alikuwa ameshampenda. Kwa nini ampende? Sikuwa nimefikiri. Mke wa stelingi nilimuua ukurasa wa pili, kwa ajali. Na adui mkuu, anayeongoza mtandao wa kuteka watoto, nilimfanya bibi kizee anayeishi peke yake kwenye nyumba ya udongo nje ya mji, macho mekundu kama makaa. Nilijivunia hayo macho, wacha nikuambie ukweli. Niliyaeleza kwa nusu ukurasa.

Bibi yangu hajui kusoma, lakini anapenda kusomewa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mchana ule alikuwa amekaa kwenye mkeka uani anachambua mchele. Nikamwamkia, shikamoo Bibi, akaitika marahaba mume wangu, maana ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. Akasema, "Haya, leo wamemteka nani?" Nikamsomea sura ya nne. Alicheka pale stelingi anapoanguka mtaroni. Alisikitika watoto walipotekwa. Nikafika kwenye macho.

Akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Macho yake yamekuwaje mekundu?"

Nikamwambia, "Ili msomaji aogope, Bibi."

"Nimeuliza yamekuwaje mekundu. Anaumwa? Anapikia nini huyo?"

Sikuwa na jibu. Yeye akarudi kwenye mchele wake, akasema polepole, bila hasira, "Na huyu hana meno, umesema mwenyewe. Watoto anawatafuna na nini?" Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Ni lazima nieleze, kwa sababu msomaji wa pwani huenda asielewe. Bibi yangu ni Msukuma wa mkoani Shinyanga. Kule miti imekwisha sehemu nyingi, na kina mama wamepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na kuni mbovu maisha yao yote, ndani ya vijumba visivyo na dirisha la maana. Moshi ule kwa miaka hamsini unayafanya macho kuwa mekundu. Ni jambo la moshi tu. Lakini kwa miaka mingi sana, huko Shinyanga, Mwanza, Tabora na mikoa jirani, macho hayo hayo yamekuwa ushahidi wa uchawi. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe akifa, mvua ikikataa, mganga anaulizwa, naye anaashiria, na usiku watu wenye mapanga wanakwenda kwa mwanamke mzee anayelala peke yake. Serikali imelikemea, mashirika ya haki za binadamu yameliandika katika ripoti mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi nyuma yake kuna shamba la urithi, au ng'ombe, au mjane anayeonekana amekawia kufa.

Mwaka 2016 jirani wa Bibi, mwanamke wa rika lake, waliyekuwa wakienda kisimani pamoja tangu usichana, aliuawa namna hiyo. Baada ya msiba watu wengine wakaanza kunyamaza Bibi anapopita. Hakuna aliyesema kitu. Walinyamaza tu. Mama yangu akakopa nauli, akapanda basi, akaenda kumchukua. Ndiyo maana Bibi yuko Buguruni. Mimi hayo yote niliyajua! Nilikuwa kijana mkubwa siku alipoteremka stendi ya Ubungo na kitenge chake na kuku mmoja. Na bado, nilipohitaji adui, nilinyoosha mkono nikachukua macho ya bibi yangu mwenyewe, nikayabandika. Nilikuwa nimeyaona kwenye sinema, basi sikutambua kwamba nimeyaona pia nyumbani.

Nilimpelekea hoja hii mtafsiri wetu. Ni mtu wa miaka 40 hivi, namwita kaka, anaheshimika mtaani. Hakunikasirikia.

"Dogo," akasema, "mtu analipa mia tano yake aogope. Nina saa moja na nusu. Nikianza kumweleza kwamba yule bibi ana historia, kwamba ana wajukuu, sijui anaumwa macho, mtu atalala. Hofu ni kama kiberiti, inatakiwa iwake papo hapo. Halafu mimi siwafundishi kumwogopa. Wanakuja bandani wakiwa tayari wanamwogopa."

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza kwa haraka kama wanavyofanya watu wa semina. Ni kweli waliomuua jirani wa Bibi hawakuwa wameona Psycho. Pengine wengine hawakuwahi kuona sinema hata moja. Mauaji yale yana umri mkubwa kuliko banda lolote la video. Kwa hiyo mtu akisimama akasema sinema ndizo zinazoua vikongwe, huyo nitambishia hadharani. Swali langu ni jingine, na kwangu ni gumu zaidi: mtu anayekuta hofu imeshakuwapo, hakuianzisha yeye, akaitumia tu kujipatia kelele za watazamaji au machozi ya wasomaji, je, ana deni lolote?

Nikamwambia, "Kaka, muuza gongo naye anasema hivyo hivyo. Kwamba walevi wamekuja wenyewe."

"Sawa. Na aliye mlangoni kwa muuza gongo, anayepokea hela, yeye ni nani?"

Hapo alinimaliza. Niliondoka nikiwa nimenywea.

Nimelifikiria kwa wiki kadhaa, na ninachokiona hadi sasa ni hiki. Mtazamaji hana hofu moja tu moyoni. Anazo nyingi, ni kama stoo. Anamwogopa bibi mwenye macho mekundu, ndiyo, lakini anaogopa pia bosi anayetabasamu, ndugu anayedai urithi, mume mpole mno, polisi anayekuita pembeni. Mwandishi au mwenye sinema anaingia stoo hiyo na kuchagua. Ukichagua hofu ambayo inamwangukia asiye na mtetezi, umefanya uchaguzi, hata kama kitu ulichokichukua kilikuwa rafuni. Kusema "nimekikuta" hakutoshi. Vilivyokuwamo ni vingi, mbona umeshika kile?

Tena mwenye sinema hachagui peke yake, watazamaji nao wanachagua. Nikupe kisa cha kweli. Mwaka 1987 ilitoka Fatal Attraction, ya mwongozaji Adrian Lyne. Mwanamume mwenye mke na mtoto, Michael Douglas, anatembea na mwanamke aitwaye Alex, Glenn Close, siku mbili mke akiwa safarini. Kisha anataka kumwacha kama mtu anavyoacha tiketi ya basi. Alex ana miaka 36, hajaolewa, anasema ana mimba na kwamba huenda ikawa nafasi yake ya mwisho kupata mtoto. Anaanza kumfuatafuata, mambo yanaharibika, hadi anamchemsha sungura wa mtoto. Katika mwisho wa kwanza waliopiga picha, Alex anajiua, na kisu kina alama za vidole vya yule mwanamume, naye anakamatwa. Yaani mwenye kosa la kwanza analipa kitu. Walipowaonesha watazamaji wa majaribio, hawakuridhika. Wakarudi kupiga mwisho mpya: Alex anavamia nyumba na kisu, anazamishwa kwenye beseni la kuogea, anaibuka, na mke wa nyumbani anampiga risasi. Glenn Close alipinga mabadiliko hayo, na amelieleza hadharani mara nyingi. Picha ikavuna pesa nyingi mno.

Fikiri juu ya hilo, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Mwanamume aliyezini anarudi kwa familia yake akiwa amelowa tu. Mwanamke aliyefika miaka 36 bila mume anageuzwa jini la kuzuka majini. Na waliotaka iwe hivyo ni watu wa kawaida waliolipa kiingilio, kina baba na kina mama vilevile. Ukiniuliza, picha ile ilikuwa karibu sana kuwa hadithi ya maana. Ilikuwa na swali: mwanamume huyu amemfanya nini mwanamke huyu? Risasi ile ililiua swali pamoja na Alex.

Baada ya siku ile ya uani nilifanya jaribio dogo kwenye kaunta buku yangu. Nilimchukua yule bibi kizee adui, nikamfuta, mahali pake nikamweka mwanamume wa miaka 35, mfanyabiashara. Sikubadilisha kitu kingine. Nikasoma upya. Hadithi ikaanguka chini! Kwa nini mfanyabiashara huyu anateka watoto? Anawauza wapi? Nani anamlinda? Alianzaje? Ghafla maswali ishirini yalijitokeza, na sikuwa na jibu hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilipokuwa na bibi, uzee wake ndio uliokuwa sababu. Ni mzee, ni mwanamke, anaishi peke yake, basi ni mbaya. Msomaji hahitaji maelezo zaidi, wala mimi sikuhitaji kufikiri. Nikamgeuza na yule msaidizi wa miaka 22, nikamfanya mwanamume kijana: mbona anampenda mzee huyu aliyekutana naye jana? Jibu halipo. Ujana wake na ukike wake vilikuwa vimelipa bili yangu.

Nasema wazi, hili kwangu lilikuwa la aibu zaidi kama mwandishi kuliko kama mjukuu. Sisi tuliojifunza kazi hii kwa kumsoma Elvis Musiba na Ben Mtobwa tunajua riwaya ya upelelezi inavyopaswa kukaza. Mimi nilikuwa nimefunga mzigo kwa kamba ya jirani.

Sitaki uelewe kwamba dawa ni kumpa kila bibi bastola. Wamejaribu hilo. Mwaka 2010 walitoa RED, picha ya majasusi wastaafu, humo Helen Mirren, aliyezaliwa mwaka 1945, anafyatua bunduki kubwa akiwa na gauni jeupe la karamu. Nilifurahi, banda lilifurahi. Lakini sikiliza vicheko vinatoka wapi: watu wanacheka kwa kuwa ni bibi. Neeson akishika bunduki hakuna anayecheka. Wala sisemi kwamba mwanamke mzee asiwe adui kamwe. Hiyo nayo ingekuwa kumfanya malaika, na malaika hawaandikiki. Yule mama wa The Manchurian Candidate, pamoja na ule upuuzi wa miaka mitatu, ni adui wa kutisha kweli kweli, kwa sababu anataka kitu: anautaka utawala wa nchi, yuko tayari kumtoa mwanawe kwa hilo. Humwogopi kwa mvi. Unamwogopa kwa anachokitaka.

Na wapo waliofanya vizuri bila makelele. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, mwongozaji Jonathan Demme aliwafanya wanaume wanaoongea na Clarice, mwanafunzi wa upelelezi, watazame moja kwa moja kwenye kamera. Kwa hiyo wewe uliyekaa benchini ndiye unayekodolewa macho. Niliiangalia mara ya pili nikiwa najua hilo, na nikajisikia vibaya mwili mzima; nikawakumbuka wasichana wanaopita mbele ya banda letu saa mbili usiku. Katika Fargo ya mwaka 1996 mkuu wa polisi ni mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, Frances McDormand, anakula sana, anasema asante kwa kila mtu, na anamkamata muuaji. Mimba yake si udhaifu wala si kioja. Ni mimba.

Halafu yuko Bibi Marple wa Agatha Christie, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930. Mzee, hajaolewa, anafuma sweta. Watu wanaongea siri mbele yake kwa kuwa hawamhesabu kama mtu. Yeye anasikia yote. Christie aliingia stoo ile ile ya dhana za watu, akachukua ile ya "bibi hana maana", akaigeuza kuwa ufunguo wa hadithi. Na unajua nani aliyemwigiza mwaka 1980? Angela Lansbury! Yule yule aliyefanywa mama wa mwenzake akiwa na miaka 36. Toka mwaka 1984 hadi 1996 akaongoza Murder, She Wrote, humo ni mwalimu mstaafu, mjane, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayefumbua mauaji. Ilikuwa kwenye televisheni, siyo kwenye sinema, lakini miaka 12 si mchezo.

Mimi si Christie. Ninachoweza kusema ni nilikofika. Stelingi nimempunguzia ubingwa, sasa goti linamuuma. Mkewe nimemfufua, na imebidi nimpe kazi: anauza dawa katika duka la mtaani, na ndiye anayegundua risiti zisizolingana. Msaidizi wa miaka 22 hampendi mzee yeyote, ana mipango yake. Adui bado ananisumbua. Nadhani ni yule aliye karibu na shamba, lakini sijui bado anajifichaje.

Na bibi mwenye macho mekundu yumo. Nilitaka kumtoa kabisa, kwa heshima ya nyumbani, nikamwambia Bibi hivyo. Akakataa. "Unamtoa unampeleka wapi?" akaniuliza. "Mwache. Mwambie tu alipie macho hospitali." Basi nimemwacha. Anaishi kwenye nyumba ya udongo, anapikia kinyesi cha ng'ombe, na shamba lake lina watu wanaolitaka. Katika sura ya tano usiku umeingia, anasikia hatua nje, naye yuko peke yake na taa ya kibatari. Sijaweza kuandika kinachofuata. Ukurasa umebaki mweupe wiki ya tatu sasa. Kila nikirudi kutoka bandani saa tano usiku namkuta Bibi hajalala, ananiuliza kama wale watu wameshaondoka mlangoni.